Shajara ya mradi: moto na barafu mpakani Busia

Jumamosi, 8 Februari 2025

Tangi limekufa. Lilikuwa zawadi, limevuka bahari, na limedumu chumbani mwangu hapa zahanati kama dakika nne. Ni lile tangi la chuma la maji linalotunza mifuko ya udongo maalumu kwenye nyuzi 70 na kitu, ili mtaalamu wa fiziotherapia kama mimi achomoe mfuko mmoja, auzungushie taulo, aulaze mgongoni mwa mgonjwa. Nyuma yake pana kibandiko kidogo kilichoandikwa volti 110. Sisi Uganda tuko kwenye 240. Mimi sikukisoma. Fundi wa umeme naye hakukisoma, ingawa yeye ndiye aliyekata plagi yake bapa akafunga yetu ya miguu mitatu. Kwanza lilinguruma, halafu likanuka kama redio iliyoungua, halafu taa za zahanati nzima zikazimika, na mama mjamzito aliyekuwa akipimwa chumba cha pili akauliza kwa upole kama huo ndio utaratibu wa kila siku.

Tangi lilikuja peke yake. Mifuko yake ilikuwa ifuate kwa mzigo mwingine, na haikufuata. Kwa hiyo mradi, ambao hadi asubuhi uliitwa "kufunga tangi", sasa ni kutengeneza vifaa vya moto na baridi kwa vitu vinavyopatikana soko la Busia, visivyotaka umeme, na ambavyo vikiharibika fundi cherehani wa hapo nje anaweza kuvirudisha kazini. Bajeti ni shilingi 200,000. Ndizo zilizobaki baada ya kumlipa fundi, maana fundi hulipwa hata akiunguza.

Kwa asiyeijua Busia: huu ni mji wa mpaka wa Uganda na Kenya, na ni mji wa kubeba mizigo. Neno boda boda lenyewe linasemekana kuzaliwa mpakani huku, enzi za baiskeli zilizovusha watu kutoka geti hadi geti. Tangu kituo cha pamoja cha mpaka kifunguliwe 2018 malori hayalali foleni kama zamani, lakini mizigo midogo bado inavuka kwa mabega: magunia ya mahindi, trei za mayai, makreti ya soda. Na kuna watu wa baiskeli za mikono za magurudumu matatu, wenye ulemavu wa miguu, wanaovusha bidhaa kwa kunyonga kwa mikono kutwa nzima. Mgongo, bega, kifundo cha mguu, bega, bega. Ndiyo rejista yangu.

Jumanne, 11 Februari

Nimenunua kipimajoto cha wapishi, kile chenye sindano ndefu, shilingi 35,000. Kabla ya kukiamini nikakijaribu. Barafu iliyopondwa ndani ya maji: 0.2. Vizuri. Maji yanayotokota juu ya sigiri: 96.1. Nikasubiri. Maji yakatokota kwa fujo, yakamwagikia mkaa, kipimajoto kikabaki pale pale. Nikamtukana muuzaji kimoyomoyo, nikaanza kutafuta risiti, ndipo nikakumbuka kwamba tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134, na kila ukipanda mita 300 hivi maji huchemka kwa nyuzi moja pungufu. Kipimajoto ni kizima. Mimi ndiye niliyekuwa nikichemsha maji ya Mombasa.

Nimeiandika 96 ukutani kwa chaki, bila kujua bado itanifaa nini.

Jioni nilipanga mabeseni matatu: la maji ya barafu, la maji ya nyuzi 42, na katikati la maji vuguvugu. Nikamwomba muuguzi atie mkono mmoja huku na mwingine kule kwa dakika moja, kisha yote miwili katikati. Mkono uliotoka kwenye barafu ukasema maji ni ya moto. Uliotoka kwenye moto ukasema ni ya baridi. Beseni lile lile. Akacheka, akarudia, akamwita mlinzi. Mlinzi aliondoka akiamini nimemfanyia mazingaombwe.

Nilikuwa na sababu. Huku kwetu maji ya kukanda hupimwa kwa mkono. Bibi anachovya vidole vilivyoshika masufuria miaka hamsini, anasema "yako sawa", na taulo linamshukia mama aliyejifungua juzi. Joto linalosaidia misuli na viungo kulegea ni la nyuzi 40 hadi 45 ndani ya nyama. Hapo hapo kwenye 44, ngozi ikikaa saa kama sita inaungua. Kwenye 60 inaungua kwa sekunde tano. Kati ya dawa na jeraha pana nyuzi chache tu, na mkono wa bibi hauzioni. Wa kwangu pia hauzioni, nimejipima.

Jumamosi, 15 Februari

Siku ya nafaka. Nimeshona mifuko mitatu ya marikani na kuijaza mchele, mahindi na mtama.

Mchele unafaa, lakini kuupasha moto chakula cha watu mbele ya wagonjwa waliokuja na njaa kulinishinda. Mahindi yanakaa begani kama kokoto. Mtama ndio wenyewe: punje ndogo, za mviringo, zinatiririka hadi kwenye kile kishimo cha juu ya mtulinga, ambako kila mbeba gunia wa Busia huonyesha kwa kidole. Gramu 1,200, na mfuko umegawanywa kwa mshono kuwa vyumba vinne, la sivyo punje zote hukimbilia upande mmoja mgonjwa akigeuka.

Kuupasha ndiko kulikoniweka hadi usiku. Kwanza niliulaza kwenye sufuria kavu juu ya sigiri. Baada ya dakika kumi kitambaa kilikuwa cha kahawia, nje nyuzi 130, katikati 38, na mtama mwingine ulikuwa umepasuka kama bisi. Mlinzi alikula.

Ndipo nikaiangalia ile 96 ukutani. Sufuria ndani ya sufuria: kubwa ina maji yanayochemka, ndogo inaelea humo imefunikwa, mfuko umo ndani mkavu. Mkaa uwe na hasira utakavyo, maji hayavuki 96, na mfuko hauwezi kuyapita maji. Dakika 45, kuugeuza mara mbili, katikati nikapata 74. Karibu sawasawa na lile tangi marehemu, bila plagi.

Kisha taulo. Nilijilaza mfuko pajani na kuchomeka sindano ya kipimajoto kati ya taulo na ngozi. Tabaka mbili: 49, nikautupa. Tabaka nne: 45, nikavumilia kwa sababu ya sayansi. Tabaka sita: 42 na nusu baada ya dakika tano, 39 baada ya dakika ishirini. Kesho fundi cherehani atashona koti la tabaka sita lisilobandukana, ili mtu asihesabu vibaya siku ya foleni.

Muuguzi kauliza kwa nini nisinunue tu chupa ya mpira ya maji ya moto. Niliwahi kuwa nayo. Ilipasuka kwenye mshono, na hata kabla haijapasuka ilikuwa inateleza begani kama kambale.

Alhamisi, 20 Februari

Leo baridi. Barafu naipata kwa mama anayeuza samaki wa Majanji, kule ziwani, karibu na stendi. Ana kasha lake, na kwa shilingi 1,000 ananijazia kavera (mifuko ya plastiki) mbili. Ananiita mwanangu, na ananipunja barafu kila mara.

Kijana wa kama miaka 22, mpakuaji wa malori, aliletwa na wenzake wawili. Ubao wa kushukia ulihama, mguu ukapinda kwa ndani. Saa mbili zilizopita. Katika saa hizo mbili wenzake walikuwa wamekwisha kumkanda kwa maji ya moto yenye chumvi, kwa mapenzi yote na kwa nguvu zote, na kifundo kilikuwa kama embe dodo. Hapa sitaki kumcheka mtu. Kukanda ni tiba nzuri ya mgongo uliokakamaa na ya mama mzazi. Lakini ukano uliochanika sasa hivi unavuja damu ndani, na joto hupanua mishipa ile ile inayovuja. Kwa siku mbili tatu za mwanzo maji ya moto yapumzike.

Kwanza nikahakikisha hajavunjika: nikabonyeza mfupa nyuma ya vifundo vyote viwili, nikamwomba akanyage hatua nne. Kisha swali ninalouliza kila mtu kabla ya barafu: una selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi? Utafiti wa nchi nzima uliochapishwa 2016 ulikuta watoto wapatao 13 katika kila 100 waliopimwa Uganda wanabeba kinasaba chake. Kubeba si kuugua, lakini kwa mgonjwa mwenyewe baridi inaweza kuamsha maumivu ya mwili mzima, na barafu simwekei. Vivyo hivyo mtu ambaye vidole humgeuka vyeupe akishika kitu cha baridi, au anayetoka vipele vya baridi.

Barafu iliyopondwa, ndani ya kavera, juu ya kitambaa kilicholowa. Kitambaa kikavu huzuia baridi isipite. Kilicholowa huipitisha sawasawa.

Dakika ya pili akaruka, akiniita musawo, yaani daktari. "Musawo, unanichoma!"

"Tulia. Itachoma, halafu itauma kwa ndani, halafu utakufa ganzi."

"Nife?"

"Mguu, ndugu yangu. Mguu tu."

Ndivyo inavyokwenda: baridi, kuchoma, kuuma, ganzi. Ukimwambia mtu mapema, anahesabu hatua. Usipomwambia, anadhani umemwekea tindikali. Dakika kumi, nikaondoa, nikaacha ngozi irudi, nikarudia dakika kumi. Baridi hubana mishipa, hupunguza kasi ya neva kupeleka habari ya maumivu, na misuli inayojikaza kulinda mguu hulegea.

Na hapo ndipo penye mtego. Ganzi ilipoingia alisimama, akakanyaga, akatabasamu, akasema anarudi kwenye lori. Mguu ule ule! Haukuwa umepona hata chembe, ulikuwa umenyamazishwa. Ilibidi nizungumze na msimamizi wao kwa simu, na nadhani nilisema kwa sauti kubwa kuliko inavyompasa mtu mwenye koti jeupe.

Niandike msimamo wangu hapa nisije nikaulizwa. Ile kanuni ya kupumzika, barafu, kubana na kuinua mguu aliitunga daktari wa Marekani, Gabe Mirkin, mwaka 1978. Mwaka 2014 yeye mwenyewe aliandika kwamba barafu huenda ikachelewesha kupona, kwa kuwa uvimbe ni sehemu ya ukarabati. Mwongozo wa majeraha ya namna hii uliotoka 2019 haukuiweka barafu kabisa. Mimi bado naitumia, kwa ajili ya maumivu tu, siku ya kwanza na ya pili, kwa dakika chache, na sidai zaidi ya hapo.

Jumamosi, 1 Machi

Jaribio lililoshindwa, nalieleza kwa ufupi kwa sababu linaniaibisha. Maji sehemu tatu, spiriti sehemu moja, kavera mbili mbili, usiku mzima kwenye friza ya duka la soda. Kinachotoka ni uji wa baridi laini sana, unajikunja kwenye goti kama paka. Nilifurahi mno. Mlinzi akauliza kama waragi, ile pombe kali yetu, ingefaa badala ya spiriti; nikamwambia ingefaa, na kwamba ndiyo sababu sitaitumia.

Nikajiwekea mkononi juu ya kitambaa chembamba. Dakika ya nane pakawa na baka jeupe, gumu kama nta. Kipimajoto ndani ya kavera: chini ya sifuri kwa nyuzi 9. Siku mbili ngozi inawaka.

Barafu ya maji ina adabu. Ikiwa inayeyuka, inakaa kwenye sifuri na haishuki, na kila kilo yake inameza kilojuli 334 kabla haijaisha. Ndiyo maana kavera la shilingi 500 linafanya kazi nzuri hivi. Uji wa spiriti hauna breki. Nimeumwaga.

Nimegundua pia kwamba nimeanza kuchagua vitu kwa sifa moja hiyo hiyo: maji yanayochemka hayapiti 96, barafu inayoyeyuka haishuki chini ya 0. Huku tusikokuwa na swichi ya kudhibiti joto, natafuta vitu vinavyojidhibiti vyenyewe.

Alhamisi, 6 Machi

Wanaume wawili wa baiskeli za mikono, marafiki, wamekuja pamoja kuhusu mabega. Ukiwatazama, ulemavu mmoja: miguu miembamba, imekunjwa, imefungwa kwa mpira wa ndani wa tairi ili isicheze. Mimi nilitaka kuwaandika pamoja, mstari mmoja.

Nikafanya jaribio la chupa mbili, moja ya maji ya nyuzi 42, nyingine ya maji ya barafu, kuzigusisha kwenye ngozi bila mpangilio na mgonjwa amefumba macho. Begani wote wawili walijibu bila kosa. Kwenye paja, mzee wa kwanza alisema moto, baridi, baridi, moto, sawasawa kabisa, mpaka akachoka nami. Yeye alipata polio utotoni, na polio hula neva zinazoamuru misuli. Zile zinazohisi huziacha. Wa pili, aliyeanguka kutoka juu ya lori na kuvunjika uti wa mgongo, kuanzia kitovuni kwenda chini hakujibu kitu. Nilisubiri. Akafumbua macho akauliza, "Umeanza?"

Mabega yao ni sawa na dawa ni ile ile: moto dakika ishirini, halafu mazoezi ya kurudisha bega nyuma, kwa sababu kunyonga kwa mikono kunavuta kila kitu mbele. Moto wenyewe hauponyi bega. Joto la namna hii linaingia sentimita moja au mbili tu, linalegeza kilicho juu na kupunguza maumivu kwa muda, basi ule muda ndio wa mazoezi. Mapitio ya 2006 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, kuhusu moto na baridi kwa maumivu ya kiuno yalisema karibu hivyo: moto husaidia kidogo, kwa muda mfupi, na ukiongeza mazoezi husaidia zaidi.

Alhamisi, 13 Machi

Nimemuunguza mtu.

Ni yule wa uti wa mgongo. Ni Ramadhani, waliofunga wanapenda kuja asubuhi na mapema kabla jua halijawa kali, kwa hiyo saa mbili asubuhi chumba kilikuwa kimejaa. Makoti ya tabaka sita yalikuwa mawili, mifuko mitatu. Koti la tatu fundi cherehani aliahidi Jumatatu, na Jumatatu ya fundi cherehani inajulikana. Nilimwekea mfuko wa kwanza, wenye koti, bega la kulia. Mfuko wa pili, wa bega la kushoto, nilimpa mkononi umefungwa kwenye kanga tu, nikamwambia "nishikie kidogo, koti linakuja". Mikono yake ilikuwa na kazi ya kushika mfuko wa kwanza usianguke. Akaulaza wa pili pajani.

Nilirudi baada ya dakika kama kumi na tano. Malengelenge mawili, ukubwa wa sarafu ya shilingi 500. Yeye alikuwa akipiga soga na mwenzake kuhusu bei ya mayai. Nilipoinua kanga alitazama paja lake kama mtu anayetazama paja la mtu mwingine.

"Sikusikia kitu, musawo," akasema. Kana kwamba ananiomba radhi yeye.

Maji safi ya kawaida yanayotiririka, dakika ishirini, gozi nyepesi isiyogandana, malengelenge hayakupasuliwa. Nimeandika kwenye kitabu cha matukio kwa jina langu na nimemwambia mkuu wa zahanati kabla hajaambiwa na mtu mwingine. Kidonda cha paja kwa mtu anayekaa kutwa kwenye kiti cha mbao si jambo dogo, kinaweza kugeuka kidonda cha kulalia. Hatanyonga wiki mbili. Nimemlipa shilingi 60,000 kutoka kwenye bajeti, naye akasema siku zake mbili ni zaidi ya hapo, akazichukua.

Jaribio la chupa mbili nililifanya Alhamisi iliyopita kwa mikono yangu. Nilijua. Nilikuwa nimejua kwa wiki nzima, nikampa.

Kuanzia leo mfuko unashonewa ndani ya koti lake, hautoki, na ukipashwa unapashwa nalo. Itachukua muda mrefu zaidi kupata moto. Na uchukue.

Jumanne, 18 Machi

Nta ya mikono. Hii ilianzia kwa mama wa samaki. Wiki iliyopita alinipa barafu huku anakunja uso, nikaangalia vidole vyake: viungo vya mwisho vimevimba kama mafundo ya muwa, asubuhi haviwezi kufunga ngumi. "Ni baridi yabisi, mwanangu. Imeniingia na barafu hii hii unayoipenda." Sijui lugha nyingine iliyoupa ugonjwa wa viungo jina la baridi namna hii. Barafu haikuuleta, umri na kazi ndivyo vilivyoanza. Ila mkono wenye viungo hivyo ukizama kwenye kasha la barafu kutwa, unakakamaa kwelikweli.

Kwa vidole, hakuna kama nta. Inafuata kila kona ambako mfuko wa mtama haufiki. Mapishi ya hospitali ni nta ya parafini sehemu saba, mafuta ya parafini sehemu moja, kwenye nyuzi 52 hadi 54. Nta niliipata kwa mishumaa myeupe, pakiti kumi. Kwa mafuta nilimtuma kijana wa usafi duka la dawa na karatasi iliyoandikwa "parafini ya maji, nusu lita". Akaona duka la dawa liko mbali. Akarudi na nusu lita ya parafini ya maji kwenye chupa ya soda, kutoka kituo cha mafuta. Mafuta ya taa! Harufu ilinifikia akiwa bado mlangoni na sigiri ilikuwa tayari inawaka miguuni pangu. Simlaumu, Busia nzima hakuna anayeyaita mafuta ya taa kwa jina lingine ila parafini. Sasa naandika "mafuta ya kulainisha choo" na wanacheka, lakini wanaleta kitu sahihi.

Sufuria ndani ya sufuria tena, nje ya chumba kwa sababu ya moshi wa mkaa. Nta yote ikayeyuka kwenye 60 na kitu, nikaipua, nikangoja. Ilipofika 53 utando mwembamba ukaanza kujifunga juu, kama ule wa chai ya maziwa. Huo utando ndio kipimajoto changu: ukionekana, nta imefikia mahali pake, na itakaa hapo muda mrefu kwa kuwa kuganda kwenyewe kunatoa joto. Kitu cha tatu chenye adabu.

Maji ya nyuzi 53 yangemchubua mama wa watu. Nta ya nyuzi 53 haimchubui, kwa kuwa inabeba joto pungufu na tabaka la kwanza likiganda linakuwa kinga. Nilitangulia kuchovya mimi. Kisha yeye: mkono umeoshwa, umekaushwa kabisa, pete imevuliwa kwa sabuni na maneno, vidole vimeachanishwa. Kuchovya, kutoa, kungoja ing'are kidogo na kufifia, kuchovya tena. Mara nane. Akawa na glavu nyeupe nene. Kavera juu, taulo juu ya kavera, dakika ishirini.

Tulipoibandua ilitoka nzima, na alama za mistari ya viganja ndani yake. Akaigeuza geuza. Akafunga ngumi, si yote, lakini kidole cha shahada kiligusa kiganja. "Hii ngozi yangu ya zamani nirudishe?" Nikamwambia tunaiyeyusha tena, ni yake, hatumpi mtu mwingine. Siku hiyo alinijazia barafu mpaka juu.

Ijumaa, 4 Aprili

Mambo madogo madogo.

Wabeba mizigo wanakuja wamejipaka dawa ya kuchua yenye mentholi, halafu wanataka mfuko wa moto juu yake. Sikubali tena. Mmoja alibisha kwamba dawa yake ni "barafu ya kupaka", kwa hiyo inazimana na moto. Nilimpima ngozi kabla na baada ya kupaka: nyuzi zile zile. Mentholi haipoozi kitu, inabonyeza tu kengele ya baridi kwenye neva, kama pilipili inavyobonyeza kengele ya moto, ile ambayo kwa kawaida hulia ngozi ikifika karibu nyuzi 43. Waliozigundua kengele hizo ndio waliopewa Nobeli ya tiba mwaka 2021, David Julius na Ardem Patapoutian, na Julius alianzia kwenye pilipili. Kijana alisikiliza yote, kisha akauliza kama pilipili kichaa ingemfaa mgongoni. Nilijitakia.

Kifundo cha embe dodo kimerudi kwenye lori wiki ya nne, kimefungwa bandeji. Mzee wa polio anainua mkono wa kulia hadi digrii 140; mwanzoni mwa Machi aliishia 95. Mwenzake kidonda kimefunga juzi, amerudi kazini, na bega lake tunalishughulikia kwa mazoezi peke yake. Hataki mfuko, na simshawishi.

Bajeti: zimebaki shilingi 11,500.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua zimeshika. Mkaa umelowa, sufuria inachukua saa nzima kuchemka.

Wiki tatu zilizopita nilimwazima mama wa samaki mfuko mmoja wa mtama aende nao nyumbani, wa jioni, akishatoka kwenye barafu. Leo ameurudisha. Aliuweka mezani kwangu kwa mikono miwili, kwa heshima, akasema anasikitika, alitaka kunirudishia ukiwa safi, haunuki samaki. Alikuwa ameufua. Kwa sabuni, akausuuza vizuri, akauanika kibarazani, na mvua ya siku nne ikamfuata hapo.

Kwenye mshono wa chumba cha tatu palikuwa na vichipukizi vinne vya kijani, virefu kama njiti ya kiberiti, na mizizi myeupe imepenya marikani upande wa pili. Koti la tabaka sita limeshikamana nayo kama udongo.

Aliuliza kama naweza kumpa basi, ana kipande cha shamba. Nimempa. Nimeshona mwingine jioni hii, punje ndani ya mfuko wake, koti sasa lina zipu ili livuliwe na kufuliwa peke yake, na juu ya mfuko wa ndani nimeandika kwa wino USIFUE. Halafu nikachora beseni na kulipiga msalaba, maana mama mwenyewe hasomi.